Nilijiita Mtazamaji Tu Kwenye Insha ya Chuo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwahi, maana Jumamosi saa kumi alasiri mafundi cherehani wanane watasimamisha mashine zao, watageuza viti vyao wanitazame, na mimi nitatakiwa kusimama mbele yao niwasomee insha ambayo sikuiandika ili waisikie. Nimeharibu karatasi mbili tayari, na sijala vizuri tangu Ijumaa, mama anadhani ni furaha ya kuitwa chuo.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, naishi na mama yangu ambaye ni fundi wa sare za shule. Anashonea kwenye kibaraza cha jengo lenye duka la vitambaa chini na ofisi za watu juu, na hapo kibarazani wako mafundi wanane kwa mstari mmoja, wote wanawake, wote wa sare, na mama ndiye mwenyekiti wao. Nimekulia chini ya meza yake ya kukatia, na kusoma nimejifunzia hapohapo kwenye gazeti lenu, kwa sababu mama hulinunua asubuhi, wanalisoma kwa zamu, na ikifika mchana wanalikata vipimo vya kola na mikono kabla ya kukata kitambaa. Hata safu yako nimeifahamu hivyo, kwa vipande, mara nyingi jibu lako limeshakuwa kola kabla sijajua kama yule mwanamke alimwacha mumewe au hakumwacha.

Mambo yenyewe yako hivi. Chuo ninachoomba kinataka kila anayeomba kusoma uchumi aandike insha ya maneno yasiyozidi mia sita, na swali lao lilikuwa hili: eleza tatizo moja la kiuchumi uliloliona kwa macho yako, sababu zake, na nafasi yako ndani yake. Wenzangu waliandika juu ya mfumuko wa bei na bei ya mafuta, mambo ya kwenye taarifa ya habari, na mimi nilianza hivyohivyo, nikaandika aya mbili kuhusu benki kuu, nikazisoma nikajionea haya kwa sababu benki kuu sijawahi hata kupita mbele ya mlango wake. Nikafuta. Nikaandika ninachokijua, yaani kibaraza chetu, na maneno yakatoka yenyewe, mshauri, nilikaa pale kwenye duka la kompyuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri sikuinua kichwa.

Niliandika kwamba pale kwetu mzazi akija kuulizia sare, fundi wa kwanza kumtajia bei hutundika futi yake ya kupimia kwenye gurudumu la cherehani, na wengine wakiona ile futi inaning'inia wanajua, mzazi akiwafikia wanataja bei ileile au wanapandisha kidogo, hakuna anayeshusha, na mzazi anatembea mstari mzima akidhani amelinganisha bei, kumbe amezungumza na mtu mmoja mwenye midomo minane. Niliandika na sababu, sikuwaonea, nilieleza kwamba zamani kabla ya futi walikuwa wanashushiana bei mpaka mtu anashona kutwa nzima na kurudi nyumbani hana cha kuonyesha ila mgongo unaouma. Halafu nikaandika juu ya mashine ya matundu.

Mashine ya matundu ni ile ya kutengenezea matundu ya vifungo, iko moja tu kibarazani, waliinunua kwa pamoja, na shati la shule lisilo na matundu ya vifungo si shati, ni kitambaa chenye mikono. Kwa hiyo fundi anayeshusha bei hagombezwi wala hatukanwi, anaambiwa tu mashine ina kazi, njoo baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Niliandika kwamba miaka mitatu iliyopita fundi mmoja alishusha bei kwa siri, kikundi kikapata habari, akanyimwa mashine wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wakaja kuchukua vitambaa vyao wakapeleka kwa wengine, na yeye akabeba cherehani yake akaondoka. Sasa anashonea nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, na matundu anayashona kwa mkono, kwa sindano, shati moja kwa muda ambao mashine ingemaliza ishirini.

Huyo fundi mmoja ni mama yangu mdogo, mdogo wake mama, wa tumbo moja. Hilo sikuliandika, niliandika "fundi mmoja" basi.

Na lile swali la mwisho, nafasi yangu ndani yake, nililijibu kwa sentensi moja: Mimi nilikuwa mtazamaji tu. Mwalimu wangu wa uchumi alipoisoma alipiga meza akasema hii ndiyo, hasa hapo mwisho, mtafiti mzuri hukaa pembeni. Nikaituma.

Wiki iliyopita ukaja ujumbe kwamba nimo kwenye orodha ya wanaoitwa kwenye usaili, usaili ni Jumatatu, na nije na ukurasa wa shahidi, yaani karatasi ambayo mtu mzima aliyekuwepo kwenye mambo niliyoyaeleza atatia saini kwamba anaijua insha na yote yaliyomo ni kweli. Nilikuwa nimesimama kando ya mama, yeye akakata uzi kwa meno akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia nimeitwa, na kuna karatasi ya shahidi. Mshauri, mama alipiga kelele mpaka mwenye duka la vitambaa akatoka nje kuuliza nani kafa.

"Binti yangu kaandika habari zetu chuo kikuu!" akasema. "Shahidi ni mimi, nani mwingine? Lakini mimi sisaini kitu sijakisikia. Na si mimi peke yangu, haya ni yetu sote. Jumamosi tukifunga kazi utatusomea hapahapa."

Na Fundi Chaki, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana bila chaki nyuma ya sikio, akasema, "Na mimi nataka nisikie nimeandikwaje, usije ukawa umeniandika mnene." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kicheko cha meno tu.

Kisha wakanishonea suti. Sikuomba, nimeikuta tu imetundikwa, wamegawana kazi wote wanane, huyu mikono, huyu kola, huyu sketi, huyu bitana, kitambaa cha bluu iliyokoza, wananiambia eti wachumi huvaa hivyo. Imenikaa hasa. Hata matundu ya vifungo ya koti yameshonwa kwa mkono, nadhani mashine ilikuwa na kazi nyingi maana shule zinakaribia kufunguliwa. Nilipoijaribu nililia, wakasema ni furaha, mmoja akanifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, na mimi ndani ya lile koti nilijiona kama mwizi aliyepewa ufunguo wa nyumba.

Sasa nikuambie lile ambalo sijalisema, kwa sababu mpaka hapa utadhani naogopa watajua nimetoa siri ya futi. Naogopa hilo pia, lakini hilo si lenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, shule zimefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye mashine ya matundu. Akaja mama mmoja wa pacha na mashati aliyoshonewa na mama mdogo, na wakati anasubiri niyatie matundu akanisimulia kwamba yule fundi wa mwisho ni mtu wa watu, amempunguzia bei kwa sababu watoto ni wawili. Mimi nikajiona nimegundua kitu kikubwa. Alipoondoka, mama mdogo mwenyewe alikuwa amekwenda kununua uzi, nikapaza sauti kibarazani mbele ya wote, kwa mzaha, kwa kutaka waone kwamba na mimi nayajua mambo ya wakubwa, nikasema, "Mama, kumbe siku hizi futi ya mama mdogo haishiki!" Mashine zote zikanyamaza. Mama akanitazama, na yale macho sijayasahau, hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu aliyefungiwa mlango. Ningemwambia nyumbani jikoni angenyamaza, najua angenyamaza, yule ni mdogo wake. Lakini nilisema mbele ya watu, na yeye ndiye mwenyekiti, hakuwa na pa kupitia.

Mama mdogo akarudi na uzi wake, hana habari, akaniletea mashati manne, akasema, "Mwanangu, nifanyie haya upesi, wenyewe wanakuja." Nikamtazama mama, mama akainamia cherehani. Nikasema, "Mashine ina kazi, mama mdogo." Mshauri, mtu wa kwanza kumwambia neno hilo alikuwa mimi.

Mpaka leo hajui nani alisema. Anadhani ni Fundi Chaki, kwa sababu walikuwa wanakaa ubavu kwa ubavu, na miaka mitatu hii hawasalimiani, wakikutana kwenye ngazi mmoja anarudi. Fundi Chaki hajawahi kukana. Siku ile mama mdogo alipomrushia maneno, yeye alinitazama mara moja tu, akachukua chaki, akaendelea kuchora mstari wake. Wote wanane wanajua. Hakuna aliyenitaja, hata siku moja.

Kwa hiyo unaona ninakokwenda. Jumamosi nitasoma mbele yao, nitafika mwisho, nitasema mimi nilikuwa mtazamaji tu, na kila mtu pale anajua. Naogopa kimya kile kitarudi. Naogopa macho ya mama. Naogopa nikiipeleka ilivyo chuo kitagundua uongo kinifute, na nikiurekebisha kinifute vilevile, maana nani anataka mwanafunzi aliyemfukuzisha mama yake mdogo kazini. Naogopa hata tangi la maji, huzunguka mtaa mzima nisipite pale.

Nimewaza njia moja. Nimeandika insha ya pili, nimeipa jina Mchango wa Mafundi Cherehani Katika Maisha ya Familia, ya kuwasifu tu, nzuri, haina futi wala mashine. Nikiwasomea hiyo Jumamosi watafurahi, mama atasaini, na ukurasa wenyewe hauna nafasi ya kuonyesha ni insha ipi iliyosomwa. Hakuna atakayeumia. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea sana? Na kama nimekosea, nifanye nini, mshauri, siku zimebaki hizi tu. Tafadhali usiweke jina langu.

Ni mimi,
Binti wa fundi

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa fundi, kaa chini, kunywa maji, ndipo usome.

Mlinzi wetu wa getini ameniambia kwamba ulimwachia barua, ukafika barabarani, ukarudi kuiomba, ukafika barabarani tena, ukairudisha. Mtu wa namna hiyo ameshajua la kufanya, anatafuta wa kumsukuma. Mimi nasukuma vizuri. Kabla ya safu hii nilikuwa mkunga miaka ishirini na saba, na kilichonibakia cha kazi ile ni kutofautisha anayelia kwa uchungu na anayelia kwa hofu. Wa uchungu anataka mkono wa kushika. Wa hofu anataka kuambiwa kinachofuata ni nini. Wewe ni wa hofu, kwa hiyo mkono nitakupa kidogo tu.

Huo mkono ni huu: ulikuwa na miaka kumi na sita, ulitaka kuchekesha wakubwa, ulimi ukakutangulia. Hukujua. Nimewahi kufanya baya kuliko hilo nikiwa na umri mkubwa kuliko huo, na safu hii haina nafasi ya kulieleza. Lile neno la pili, mashine ina kazi, ulilisema ukijua, na nadhani ndilo linalokunyima chakula. Lia kwa ajili ya hilo ukitaka. Ukimaliza, endelea kusoma.

Hiyo insha ya pili ichane. Usiifiche kwenye droo, ichane leo. Unauliza kama utakuwa umekosea sana! Kumsomea mama yako karatasi moja ili asaini nyingine ni wizi, sina jina lake la adabu, na ungemwibia mtu aliyepiga kelele za furaha mpaka mwenye duka akatoka nje. Halafu unasema hakuna atakayeumia. Yuko mtu nyuma ya jengo anashona matundu kwa sindano, na wewe umehesabu watu ukamruka. Mchumi gani huyo?

Sasa tuiangalie hofu yako, maana umeiweka pasipo pake. Habari ya futi haitawashtua. Wao ndio wanaoitundika. Watanuna kidogo kuona imeandikwa, mmoja atasema umetuanika, mwingine atauliza kama chuo kitawaletea polisi, na mama yako atawanyamazisha kwa sababu ndiyo kazi ya mwenyekiti. Wakijadili kama ile futi ni haki kwa mzazi wa pacha, wacha wajadili, ni wakati wake. Kitakachowauma ni yale maneno manne ya mwisho. Watu wazima wanane wamekaa na siri yako miaka mitatu. Fundi Chaki amenyimwa salamu na jirani yake miaka mitatu, kwa kosa lako, akatulia na chaki yake ili mtoto wa mwenzao asiaibike. Wewe ukaenda chuo ukawaandika kuwa ni watu wa kunyima. Ni kweli wananyima, na ulifanya vizuri kusema. Lakini kile walichokupa hukukiandika mahali popote.

Na mwalimu wako mwambie hivi kutoka kwangu: anafundisha uchumi vizuri, swali hakulisoma. Chuo kiliuliza nafasi yako ndani yake. Hakikuuliza ulikaa wapi ukitazama.

Utaniuliza, je, wakinifuta? Wanaweza. Sitakudanganya, mimi sikai kwenye meza ya usaili na siwajui wanaokaa. Pengine watasema huyu alituma hivi, sasa analeta vingine, hatumtaki. Utaumia, utaomba tena mwaka ujao, na hutakufa. Ila ukiingia kwa ile sentensi, kila utakapofundishwa habari ya bei, miaka yote hiyo, utakuwa unaona mashati manne mezani. Hilo nakuhakikishia.

Nimebakiza koti.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye koti. Umeandika kwamba matundu ya vifungo yameshonwa kwa mkono, "nadhani mashine ilikuwa na kazi nyingi." Binti yangu! Wewe uliyeona futi kwenye gurudumu ukaijua maana yake, wewe uliyekulia chini ya meza, neno hilo la mashine ina kazi umelimeza hivyohivyo? Wanawake wanane wanaotaka koti lako lipendeze kuliko yote waliyowahi kushona, na mashine iko palepale hatua mbili. Umeniambia mwenyewe ni nani hapo kwenu anayeshona matundu kwa sindano. Koti lako limekwenda nyuma ya jengo na kurudi. Nani alilipeleka, sijui. Kama dada hao wawili walizungumza au walipeana tu kitambaa bila kutazamana, sijui. Kama mama yako mdogo alijua koti ni la nani, nadhani alijua, maana tundu la kifungo kwa mkono ni kazi ndefu, na mtu haifanyi vizuri hivyo kwa asiyemjali. Hofu imekuziba macho mpaka umevaa msaada wa mtu ukadhani ni msongamano wa kazi.

Basi utafanya hivi.

Kwanza nenda kwa mama yako mdogo. Kabla ya mama, kabla ya kibaraza, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Usiende na insha mkononi, atadhani umekuja kutaka kitu. Usianze na habari ya chuo wala umri uliokuwa nao wala mama wa pacha. Mshukuru kwa matundu, kisha useme: Mama mdogo, ni mimi niliyesema. Maneno matano. Halafu unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu, usikijaze. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, umeshasema. Akilia, simama hapohapo. Akikuambia alijua siku zote, usijifanye hukushangaa. Na kabla hujaondoka, umwambie kwamba Fundi Chaki hakuwahi kumtaja, hilo ni deni la mtu mwingine na limekaa kwako muda mrefu.

Ukitoka hapo mtafute Fundi Chaki. Kwake huhitaji hotuba. Mwambie tu, "Nimekwenda kusema," ataelewa.

Kisha mama yako, jikoni, pale ulipotakiwa kusemea tangu mwanzo. Mwambie unaanza tena mahali sahihi. Nadhani na yeye ana lake la kukuambia kuhusu siku ile alipoinamia cherehani, mpe nafasi aliseme.

Ijumaa urudi kwenye duka la kompyuta. Insha usiiguse, iache jinsi ilivyo, imeandikwa vizuri na mkali kama mimi anakuambia. Futa maneno manne tu, na mahali pake uandike ulichofanya, kwa sentensi fupi, bila kujipamba wala kujitukana. Kujitukana nako ni kujipamba. Maneno yakizidi mia sita, punguza ya nadharia. Jumatatu uwaambie wenyewe kabla hawajauliza kwamba umebadilisha mwisho, na kwa nini.

Jumamosi usome yote mbele yao, futi, mashine, na wewe kwenye kiti cha mashine. Utaogopa. Soma ukiogopa hivyohivyo.

Na ukurasa wa shahidi usimpe mama. Mama atasaini kwa mapenzi, na chuo hakikuomba mapenzi. Mpe mama yako mdogo, asome insha peke yake kwa muda wake. Akikataa kusaini, usimbembeleze. Upeleke mtupu, na chini yake uandike kwa mkono wako ni nani aliyekataa na ana haki gani ya kukataa.

La mwisho. Umeniambia gazeti hili mama yako hulinunua asubuhi, wanalisoma kwa zamu, mchana linakuwa kola. Uliyapita magazeti yote mengine ukaileta siri yako kwa hili. Sidhani ulisahau. Ukiwa unasoma hapa, na kwenye meza ya kukatia iko nakala nyingine imekunjuliwa, na yuko mmoja mwenye chaki sikioni ambaye nadhani husoma safu hii kabla ya kushika mkasi, na ukichelewa habari itakutangulia. Kutoka hapo ulipo hadi kwenye tangi la maji si mbali. Vaa koti, funga vifungo vyote, uende sasa.